Keki Isiyoguswa

Jumapili, 7 Novemba 1954

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha, na leo njia zote za mtaa wetu wa Katuba ni tope. Daftari hili nililinunua niandike mapishi, maana mimi Constantin ni mpishi, tena si mpishi wa kubahatisha: nimezeekea jikoni kwa wazungu, na kwa Madame huyu wa sasa nipo tangu vita vya Ulaya viishe. Lakini mapishi yatangoja. Jana mke wangu Germaine amerudi kutoka hospitali na habari ambayo sijui niiweke wapi.

Kidonda chake cha mguuni, kile tulichokiosha kwa maji ya chumvi kiangazi kizima, hakiponi kwa sababu ana ugonjwa wa sukari. Daktari amemkataza sukari, mkate mweupe, pombe, hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Amesema macho yake nayo yanaweza kuzimika polepole. Mimi, fundi wa keki, mke wangu ndiye wa kukatazwa sukari! Mungu naye ana utani wake.

Nikamwambia, basi, Jumamosi sitakuletea tena vitamu vya kwa Madame. Kila mpishi wa mjini anayajua mambo haya: kinachobaki mezani kinafungwa katika karatasi, kinapanda baiskeli, kinafika nyumbani. Watoto wetu wamekulia hivyo, na siku zote nilijiona mwanaume anayelisha watu wake vizuri kuliko majirani. Nilidhani Germaine atahuzunika. Akasema:

“Ni muzuri. Nilishachoka kukula mabaki ya bantu bengine.”

Nikamuuliza mabaki gani.

“Baba Kapya, usikasirike. Tangu tuoane umeniletea keki mingi. Lakini hakuna hata siku moja niliona keki nzima. Inakuya kipande tu, na alama ya kijiko ya Madame iko juu. Miye nataka siku moja unipikie kintu hapa kwetu, uniwekee mbele, hakuna muntu amegusa. Miye njo wa kuweka kijiko ya kwanza.”

Kapya ni binti yetu mkubwa, ameolewa Jadotville. Tunaitana kwa jina lake. Nimekasirika, sifichi. Lakini nilipomwona anapapasa kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, hasira ikanitoka. Nimemwahidi: nitakupikia keki ya mchanga, bila sukari, na itafika mbele yako nzima.

Alhamisi, 11 Novemba

Niandike hapa keki ya mchanga ni kitu gani, ili mjukuu akisoma asidhani babu yake alikula mchanga. Madame alifundishwa na rafiki yake Mwingereza wa Ndola. Matunda yanakaa chini ya bakuli. Juu yake unga unaosuguliwa kwa vidole na siagi na sukari mpaka uwe punje punje. Kisha tanuri. Juu panakauka na kulia kijiko kikiingia, chini panabaki laini. Waingereza wana jina lao. Sisi jikoni tuliiita keki ya mchanga na jina likakaa.

Leo ilikuwa sikukuu ya wazungu ya kukumbuka vita, Madame alikuwa na wageni. Nikaleta keki mezani, na Madame akasema kama kawaida: “Constantin, onja kwanza.” Hivyo ndivyo kwetu. Kabla hajashika kijiko chake, mimi nachota pembeni, nakula mbele yake, nasimama wima, nangoja. Akiniona sijadhurika anaanza kugawa. Huwa najiambia ni heshima ya kazi: mpishi asiyeonja ni sawa na fundi asiyepima.

Nimemsimulia Germaine. Akaniangalia kwa macho yake yenye ukungu.

“Haiko heshima, baba. Anakuogopa. Anawaza siku moja utamuua.”

Nikamwambia mambo ya kazi yangu ayaache kwangu.

Jumapili, 14 Novemba

Aibu. Nimepika nje, mbele ya nyumba, juu ya mbabula yetu, jiko la makaa ambayo sisi tunayaita makala, na mtaa wote umejua. Mwanaume anayepika kwa wazungu anaheshimiwa. Mwanaume anayepika kwake ni kichekesho. Wanawake waliotoka misa walisimama kwenye ua. Mmoja akaita: “Mama Kapya! Bwana yako njo amekuwa bibi?” Hata jirani yetu Yuma, fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na misafara ya Maniema, mtu wa adabu kabisa, aliacha kushona akatoka kuangalia.

Nilitumia masuku, maana ndio msimu wake. Tunda la porini, utamu wake ni wa peke yake. Lakini limejaa kokwa, na makala yanawaka chini tu. Chini kukaungua, juu unga ukabaki mbichi. Germaine alisema nimpe hivyo hivyo. Nimekataa. Sikusomea kazi hii ili mke wangu ale kitu kibovu. Nimewamwagia kuku wa Yuma, na kuku nao waliifikiria kwanza.

Ijumaa, 19 Novemba

Mvua. Kidonda kimepanuka.

Jumapili, 28 Novemba

Nimejaribu tena. Mbabula haina huruma. Miaka yote hii nilidhani ufundi uko mikononi mwangu, kumbe nusu yake ilikuwa tanuri ya Madame.

Alhamisi, 9 Desemba

Nimepata akili: niioke katika tanuri hiyo hiyo. Nimemwomba Madame ruhusa, nimemweleza kwamba mke wangu anaumwa sukari. Amesema pole, ruhusa ametoa. Madame si mtu mbaya. Nataka niandike hilo leo. Kesho nitaoka.

Ijumaa, 10 Desemba

Maembe ya kwanza, yaliyoiva kidogo tu ili sukari yake isizidi. Unga wa ulezi badala ya ule mweupe. Karanga zilizotwangwa mpaka zikatoa mafuta, badala ya siagi. Mdalasini ambao Germaine aliuazima kwa Alima, mke wa Yuma, na chumvi kidogo ili kuamsha ladha ya tunda. Ikatoka tanurini nzuri mno, punje zimekauka, rangi ya kahawia. Nikaiweka dirishani ipoe, nikaenda kuteka maji.

Niliporudi Madame alikuwa amesimama pale na kijiko mkononi. Katikati ya keki palikuwa na shimo.

“Constantin! Hapana sukari? Ni muzuri sana! Daktari yangu anasema mimi natakiwa kupungua. Utapika hii kwa wageni yangu, Jumapili.”

Alikuwa anacheka, amefurahi kweli. Hakuwa amekumbuka ni ya nani. Ningemwambia nini? Mtu akitia kijiko katika bakuli lake, ndani ya nyumba yake, utamshtaki wapi? Nilisema ndiyo Madame. Nikaifunga, nikaiweka kwenye baiskeli, na nilipofika daraja la reli nikashuka, nikawapa watu waliokuwa wanachimba mtaro. Wameishukuru sana. Germaine nimemwambia tanuri imekataa.

Jumapili, 12 Desemba

Nimewapikia wageni kumi na wawili keki ya mke wangu. Nimeonja kwanza, nimesimama wima, nimengoja. Wote wamesifu. Bibi mmoja ameuliza mapishi hayo ni ya nani, na Madame amemjibu kwamba ni yake yeye mwenyewe.

Leo kwa mara ya kwanza, niliposimama pale natafuna, niliwatazama usoni wakati wao wananitazama. Germaine alisema kweli. Walikuwa wananiangalia kama nitaanguka.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Germaine hakuweza kwenda misa. Kuku mmoja, wali, basi.

Jumatano, 5 Januari 1955

Mvua kila siku. Makala yote yameloa, yanatoa moshi bila moto. Germaine leo amemwita mtoto wa jirani kwa jina la Kapya, akidhani ni binti yetu amekuja. Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo.

Jumapili, 16 Januari

Nilikuwa naunguza keki nyingine wakati Alima alipovuka ua. Hajawahi kuniambia zaidi ya hodi, kwao mwanamke haongei ovyo na mume wa mtu. Alisimama mbali kidogo akaniambia:

“Baba Kapya, unisamehe. Naona unaivisha ya chini, kisha unaomba ya juu iive yenyewe. Weka moto fasi mbili. Makala chini kidogo, mufuniko juu, na juu ya mufuniko makala mingi. Mama yangu anapikaka mukate ya muchele vile.”

Moto juu na chini! Nimekaa nyumba kwa nyumba na mwanamke huyu, na kila mfungo nasikia harufu ya mikate yake, wala sikujiuliza anaiokaje bila tanuri. Nilidhani mapishi ni kitu kinachotoka mjini kwa baiskeli. Nimemshukuru mpaka akaona haya akarudi kwake.

Jumapili, 23 Januari

Moto juu na chini. Imeiva karibu sawa. Mfuniko uliteleza, majivu yakaingia. Yuma amesema: “Kesho-kesho, ndugu. Haraka haraka haina baraka.” Yeye anaweza kusema hivyo. Mke wake anaona.

Jumapili, 6 Februari

Maembe yamekwisha, mapera yameanza. Mapera ni bora: si matamu sana, na harufu yake inajaza nyumba. Unayachemsha, unayachuja mbegu, unachanganya na papai kidogo. Germaine alikuwa amekaa mlangoni, ananusa. “Iko harufu ya kwetu,” akasema. Mvua ikatukuta kabla makala ya juu hayajashika. Tumeingiza ndani unga mbichi.

Alhamisi, 17 Februari

Vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi.

Jumatatu, 21 Februari

Wamemlaza. Daktari amesema mguu utakatwa, juu ya goti, Jumatatu ijayo, na kwamba moyo wake umechoka. Alisema maneno mengine kwa Kifaransa kwa msaidizi wake akidhani sielewi. Mpishi wa mezani anaelewa Kifaransa chote.

Germaine ameniuliza kitu kimoja tu. “Mapera ingaliko?”

Nikasema yapo.

Jumapili, 27 Februari

Nimekaa na daftari muda mrefu kabla ya kuandika. Nitaandika yote.

Nilianza alfajiri. Alima alikuwa amenikaushia makala ndani ya nyumba yake tangu juzi. Nilisugua ulezi na karanga kwa vidole bila haraka. Moto mdogo chini, mwingi juu. Mvua ilipoanza kudondoka, Yuma alikuja na kipande cha bati, akakishika juu ya mbabula yetu mpaka keki ikaiva, fundi mzima aliyevaa kanzu safi. Wanawake walipita kwenda misa na hakuna aliyecheka. Mmoja alisema: “Courage, baba.”

Nilipofunua mfuniko sikuamini. Ilikuwa sawasawa kutoka ukingo mpaka ukingo, kahawia, kavu, bila ufa. Keki nzuri kuliko zote nilizowahi kuoka, na nimezioka nyingi. Nikaifunika kwa kitambaa cheupe. Baiskeli ingeitikisa, kwa hiyo nimetembea, kutoka Katuba mpaka hospitali, nimeikumbatia kifuani. Mlinzi wa lango alitaka kuona nimebeba nini. Nikainua kitambaa. Alinusa, akatabasamu, akasema: “Pita, muzee. Sitagusa.”

Germaine walikuwa wamemtoa nje kwenye baraza apate hewa. Tulikuwa wawili tu. Wagonjwa wengine walikuwa ndani. Sasa anaona mwanga, basi. Nikaweka bakuli kwenye magoti yake, nikatoa kitambaa. Alipitisha kiganja juu, karibu karibu, bila kugusa, akasikia joto.

“Iko nzima?”

“Iko nzima. Hakuna muntu amegusa.”

“Hata wewe?”

“Hata miye.”

Akatabasamu. Sijamwona anatabasamu vile tangu Kapya aolewe. “Nipatie kijiko,” akasema.

Nilikuwa nacho mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono. Na mkono ulinyooka, lakini haukwenda kwake. Ulishuka pembeni ya bakuli, ukachota, ukaleta mdomoni. Nikatafuna. Nikasimama wima. Nikangoja.

Alisikia mchanga ukilia. Tabasamu likabaki usoni mwake kidogo, halafu likaondoka.

“Baba Kapya. Nani anakula?”

Nikameza.

“Ni miye.”

“Kwa nini?”

“Siyui. Ni mukono. Mukono ilienda yenyewe.”

Mvua ilikuwa inapiga bati la baraza. Mwishowe akasema, polepole, bila ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali:

“Madame haiko hapa. Na miye, siwezi kukuogopa.”

Nililia. Nililia mbele ya mke wangu, mahali pa watu, mtu mzima na mvi zangu. Nilishika bakuli nikamwambia nirudishe, nikaanze upya, mapera yapo, Alima ana makala makavu. Akaling'ang'ania kwa mikono miwili.

“Acha hapa. Kesho asubui banakata muguu. Wakati haiko.”

Kisha alipapasa ukingo wa bakuli kwa kidole mpaka akafika kwenye shimo nililolichimba. Kidole kikakaa pale. Halafu akaligeuza bakuli taratibu, shimo likaja upande wangu, upande wake ukabaki mzima. Akanyoosha mkono nimpe kijiko. Alikula vijiko vitatu, akitafuna polepole sana.

“Sukari haiko, lakini iko tamu. Na wewe kula. Kula upande yako.”

Sisi hatujawahi kula katika bakuli moja. Mwanaume anakula na wanaume, mwanamke na watoto wake, hivyo tulivyolelewa. Leo tumekula, mimi upande wa shimo, yeye upande mzima, mpaka muuguzi akaja kusema muda umekwisha. Bakuli limebaki kwake likiwa zaidi ya nusu. Nimemwahidi kwamba akirudi nyumbani nitampikia nyingine, nitakaa mbali kabisa, Alima ndiye atakayemletea.

“Utapika,” akasema.

Jumanne, 1 Machi

Germaine amekufa leo asubuhi. Hakuamka tangu wamkate.

Jumamosi, 5 Machi

Tumezika. Kapya yupo. Nyumba imejaa watu na mimi simwoni hata mmoja.

Jumatatu, 14 Machi

Nimerudi kazini. Madame alikuwa ameniletea nyumbani gunia la unga wakati wa kilio, na leo amenipa mkono na kulia kweli. Saa sita nikaleta chakula mezani. Akasema: “Constantin, onja kwanza.” Nikaonja. Nikasimama. Sina kazi nyingine, na mvi zangu haziniruhusu kutafuta.

Niliona hakuna ladha. Nimemwambia ni nzuri.

Jumapili, 20 Machi

Leo tumemaliza matanga. Mvua nazo zinakwisha. Watu walipoanza kuondoka, akaja mama mmoja nisiyemjua, anatembelea fimbo, amebeba bakuli langu limefungwa katika kitambaa cheupe. Akasema anaitwa Mwaba, kitanda chake kilikuwa karibu na cha Germaine, wamemruhusu kutoka juzi.

Nilimpa kiti. Alikaa akishika bakuli magotini, akaniangalia kwa heshima kubwa, nami nikaona haya bila kujua sababu.

“Baba, miye nilitaka kukuona na macho,” akasema. “Ile siku ya mungu ulileta keki, magaribi, bibi yako alituita bote, tuko bamama kumi mu salle ya bagonjwa. Akatugawia keki yako, kila muntu kijiko moja. Alikuwa na furaha! Alituambia: bwana yangu ni mupishi ya bazungu, lakini hii hakupikia bazungu, alinipikia miye. Akasema iliingia nzima, hakuna muntu aligusa, yeye njo aliweka kijiko ya kwanza. Alisema vile mara mingi, mpaka tukacheka. Siye, mabwana zetu habapikake. Bamama bengine balisema anadanganya.”

Akasogea karibu.

“Ni kweli, baba? Iliingia nzima?”

Kapya alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nilipokea bakuli. Lilikuwa limeoshwa vizuri.

“Ni kweli, mama,” nikamwambia. “Yeye njo alikuwa wa kwanza.”